Klabu zinatupa mabao kwa mikono yao wenyewe

DAKIKA ya 83, ubao bado unasoma 0-0. Mpira umetoka nje upande wa kulia, hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona. Jukwaani watu wanasimama. Beki wa pembeni anaufuata taratibu, anaufuta kwa jezi, anatazama ndani, anatazama tena. Wenzake wamejificha nyuma ya mabeki. Mwishowe anamrushia mwenzake aliye mita tano mbele yake, anarudishiwa, anabanwa na watu wawili, mpira unatoka tena. Safari hii ni wa wapinzani. Watu wanakaa.

Picha hiyo mshabiki yeyote wa Ligi Kuu Bara anaijua. Ameiona Dar, ameiona Mwanza, ameiona Mbeya. Na kwa kuwa ameizoea, hailalamikii. Straika akikosa bao la wazi atazungumzwa kijiweni wiki nzima. Kipa akifungwa la kizembe ataitwa majina yote. Lakini mpira wa kurusha karibu na boksi la wapinzani ukipotea, hakuna anayeuliza. Utadhani ni muda wa kunywa maji.

Hapo ndipo klabu zinapojiibia. Mpira mrefu wa kurusha, ule unaotoka kwenye chaki na kutua mbele ya goli, ni silaha ya bei rahisi kuliko zote katika soka. Hauhitaji kupanda ndege kwenda kusaka winga. Unahitaji mtu mmoja anayejua kurusha. Na kujua kurusha, tofauti na wanavyoamini wengi, hakutokani na mikono minene. Ni ufundi, unafundishika, na mita zinaongezeka.

Sheria yenyewe imempendelea mrushaji. Mpira ukitoka moja kwa moja mikononi mwake hakuna kuotea. Straika anaweza kusimama puani mwa kipa, nyuma ya mabeki wote, na mshika kibendera akabaki kimya. Wapinzani lazima wakae mita mbili kutoka pale anaporushia. Asichoweza ni kufunga moja kwa moja, mpira lazima uguswe na mtu kwanza. Basi. Kona nayo haina kuotea, lakini kona huipati kila mara. Mipira ya kurusha inatoka mechi nzima, makumi kwa makumi.

Waliokuwa wakijazana kwenye vibanda umiza mwaka 2008 watamkumbuka Rory Delap. Stoke City walikuwa ndiyo kwanza wamepanda Ligi Kuu England, timu isiyo na staa, na kocha Tony Pulis alijua hawezi kucheza pasi na wakubwa. Akawa na Delap. Kijana wa Ireland ambaye shuleni alikuwa bingwa wa kurusha mkuki. Mpira ukitoka, Delap anafuta kwa taulo, anarudi nyuma hatua kadhaa, halafu anauachia. Mpira haukuwa unapaa kama puto, ulikuwa unakwenda bapa, kwa kasi, kama umepigwa kwa mguu. Novemba 1 mwaka huo Arsenal ya Arsene Wenger, yenye pasi zake tamu, ilikwenda kulala kwa Stoke 2-1. Ricardo Fuller alifunga la kwanza, Seyi Olofinjana la pili, yote mawili kutokana na mikono ya Delap.

Mwisho wa mwezi huohuo ikawa zamu ya Hull City. Kipa Boaz Myhill, mpira ukiwa miguuni mwake, aliona bora autoe nje kwa kona kuliko kumpa Delap mpira wa kurusha. Kona! Na straika wa akiba wa Hull, Dean Windass, akaenda kupasha misuli mbele ya Delap ili kumsumbua, akaambulia kadi ya njano bila hata kuingia uwanjani. Timu ya Ligi Kuu England ikichagua kona kwa hofu ya mikono ya mtu mmoja, kuna jambo pale.

Wengi walichukua somo lisilo sahihi kwa Delap. Walisema jamaa amezaliwa hivyo, ana mabega ya ajabu, wengine watamuiga wapi. Maneno hayo bado yanasikika hadi leo kwenye mabenchi ya ufundi: fulani anaweza, fulani hawezi. Mtu aliyeyavunja maneno hayo anaitwa Thomas Grønnemark, Mdenmark, aliyewahi kuwa mwanariadha wa mbio fupi na mshiriki wa timu ya taifa ya mchezo wa gari la barafuni. Mwaka 2010 aliweka rekodi ya dunia kwa kurusha mpira mita 51.33, akiwa amepiga sarakasi kabla ya kuuachia. Kisha akageuza jambo hilo kuwa kazi: kocha wa mipira ya kurusha.

Liverpool walipomchukua mwaka 2018 alichekwa. Wachambuzi wa televisheni walikenua, wakauliza kama sasa atatafutwa na kocha wa kuanzisha mpira kati. Jurgen Klopp hakujali. Msimu uliotangulia, Liverpool walikuwa wa 18 katika Ligi Kuu England kwa kubaki na mpira baada ya kurusha wakiwa wamebanwa, asilimia 45.4 tu. Msimu uliofuata wakawa wa kwanza, asilimia 68.4. Wachezaji walikuwa karibu walewale. Kilichobadilika ni kwamba walifundishwa.

Lakini mfano unaoihusu zaidi Bongo unatoka FC Midtjylland ya Denmark, klabu isiyo na fedha za Liverpool. Pale kulikuwa na beki wa kushoto kijana, Andreas Poulsen. Grønnemark alipompima, alikuwa anarusha mita 24.25. Baada ya mafunzo akafika mita 37.90. Mwaka 2018 Borussia Mönchengladbach ya Ujerumani ikamnunua.

Mita hizo si namba za kwenye karatasi. Katika uwanja wenye upana wa mita 68, ambao ndio wa kawaida kwa mashindano makubwa, kutoka kwenye chaki hadi katikati ya goli ni mita 34. Nguzo ya karibu iko kama mita 30. Kwa kuwa mrushaji hasimami kwenye mstari wa goli bali nyuma kidogo, ongeza mita moja mbili. Mrushaji wa mita 24 mpira wake unafia kabla ya nguzo ya kwanza, kwenye kichwa cha beki aliyesimama bila presha. Wa mita 38 anaufikisha katikati ya goli, pale kipa anapojiuliza atoke au abaki. Mtu yuleyule, mikono ileile. Tofauti ni mtindo wa kurusha.

Huo mtindo ni upi? Mtazame beki wa kawaida wa ligi ya hapa. Anasimama miguu sambamba, anainua mpira juu ya kichwa, anavuta kwa mabega na mikono. Nguvu yote inatoka kifuani kwenda juu. Miguu yake, ambayo ndiyo yenye misuli mikubwa kuliko yote mwilini na ndiyo aliyosajiliwa kwayo, haifanyi kazi yoyote. Akiambiwa aongeze nguvu, anakaza mikono zaidi na mpira unakwenda palepale.

Mrushaji mrefu anaanza chini. Anakimbia hatua chache, nne hadi sita zinatosha, hatua ya mwisho ikiwa ndefu. Mguu wa mbele unatua na kukaza. Hiyo ndiyo siri ambayo wengi hawaioni, kwa sababu macho yote yapo mikononi. Aliyewahi kusimama kwenye daladala anaielewa bila mwalimu: dereva akifunga breki ghafla, miguu inabaki na gari, kiwiliwili kinatupwa mbele. Mguu wa mbele wa mrushaji ndiyo breki. Kasi yote aliyokuja nayo inasimama chini na kupanda juu: kiuno kinatangulia, kifua kinafuata, kisha mabega, viwiko, viganja, na vidole vinamalizia. Mwili unakuwa kama upinde uliovutwa. Mikono inakuja mwisho kabisa, na haivuti, inatupwa.

Asiyefunga breki anakimbia bure. Wapo mabeki wanaokuja mbio mita kumi, halafu wanasimama kwenye chaki, wanajipanga upya, ndipo wanarusha. Mbio zote zile zimekwisha kabla mpira haujaondoka mkononi. Ni bora wangesimama tu.

Kuna na suala la pembe. Shuleni mwanafunzi anaambiwa kitu kikirushwa kwa nyuzi 45 kinakwenda mbali zaidi. Kwenye mpira wa kurusha sivyo. Watafiti wa mwendo wa mwili walioupima walikuta nyuzi bora ziko karibu 30, kwa sababu mwili wa binadamu unatoa kasi kubwa zaidi ukirusha kwa pembe ya chini. Anayetafuta mwezi anapoteza mara mbili: mpira hauendi mbali, na unakaa hewani muda mrefu hadi kipa anatoka na kuudaka kiulaini. Ule bapa wa nyuzi 30 unafika mapema, beki hajageuka.

Hilo la mikono kuja mwisho halipo kwenye soka peke yake. Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya kuna mchezo wa gofu ya visahani, watu wanarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo. Bongo haujulikani sana, na si neno. Anayeanza mchezo huo anafanya kosa lilelile la beki wa pembeni: anavuta kwa mkono, anaona kisahani kimekwenda mita 60, anakaza zaidi, kinakwenda 55 na pua yake ikiwa imeelekea juu. Walimu wa mchezo huo hurudia jambo moja hadi mwanafunzi anachoka: kanyaga, kaza mguu wa mbele, acha nyonga izunguke, mkono utakuja wenyewe. Wapo vijana wembamba kabisa wanaowaacha mbali wanyanyua vyuma. David Wiggins wa Marekani, mwaka 2016, akisaidiwa na upepo wa jangwani, alirusha mita 338. Ndiyo, viwanja vitatu vya soka na zaidi. Hakuna mkono wa kufanya hivyo peke yake.

Kwa anayetaka mfano wa jirani, yupo Julius Yego. Kenya ilijulikana kwa mbio, mkuki haukuwa na mwenyewe. Yego hakuwa na kocha, akaanza kutazama video za YouTube za kina Jan Zelezny na Andreas Thorkildsen, anarudia, anapeleleza miguu inatua wapi, kiwiko kiko wapi, kisha anakwenda kujaribu. Agosti 2015 jijini Beijing alirusha mita 92.72, bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha ya Olimpiki kule Rio. Yego aliitoa elimu kwenye simu na kompyuta. Klabu ya Ligi Kuu yenye kocha mkuu, msaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo na mchambuzi wa video inashindwaje kumfundisha beki mmoja kurusha mpira?

Wapo watakaosema huo si mpira. Hoja yao inaeleweka. Shabiki amelipa kiingilio aone chenga na pasi, halafu anaona mabeki warefu wanatembea kutoka nyuma kama wazee wanaokwenda kikaoni, mtu anafuta mpira kwa taulo, dakika inakwenda. Wenger mwenyewe, akiwa FIFA mwaka 2020, alitaja miongoni mwa mapendekezo yake kwamba mpira wa kurusha wa nusu ya nyumbani uruhusiwe kupigwa kwa mguu. Na Bongo, ambako kupoteza muda tayari ni ugonjwa, timu inayoongoza 1-0 ikipewa kisingizio kingine cha kusimama itakitumia. Hapo mwamuzi ana kazi. Kadi ya njano moja mapema inatosha kumfanya mtu akumbuke kwamba taulo si godoro.

Lakini ubaya wa wachelewaji si ubaya wa silaha. Na hoja ya "mpira mzuri" ina unafiki kidogo. Viwanja vingapi vya mikoani wakati wa masika vinaruhusu hiyo pasi tamu? Mpira unaruka kama panya, winga anateleza, kiungo fundi anaonekana hajui. Timu inayokwenda huko na mpango wa pasi za chini inarudi na sare ya 0-0 na malalamiko kuhusu uwanja. Mpira wa kurusha haukanyagi tope wala mashimo. Unapita juu yake. Kwa timu ndogo inayopigania kubaki Ligi Kuu, isiyo na winga wa maana, bao moja la namna hiyo kila mechi nne tano linaweza kuwa tofauti ya kubaki na kushuka.

Iceland walilijua hilo. Nchi yenye watu wachache kuliko wilaya moja ya Dar. Juni 27, 2016, mjini Nice, England walipata bao la mapema kwenye Euro. Muda mfupi baadaye nahodha wa Iceland, Aron Gunnarsson, ambaye utotoni alicheza mpira wa mikono, akarusha mpira mrefu. Kari Arnason akauongeza kwa kichwa, Ragnar Sigurdsson akamalizia. 1-1. Mechi ikaisha 2-1 na England wakarudi nyumbani. Miaka imepita, sasa Waingereza wenyewe wameurudia mtindo huo. Thomas Tuchel, kocha wa England, alisema waziwazi mwaka 2025 kwamba mipira mirefu ya kurusha imerejea, na Brentford wameigeuza kuwa mkate wao wa kila siku. Septemba hiyohiyo Chelsea walikuwa wameshika ushindi mkononi, dakika za nyongeza mpira mrefu wa kurusha wa Brentford ukapita msitu wa watu, Fabio Carvalho akausukumia wavuni. 2-2.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye orodha ya wafungaji. Beki mwenye mita 38 analazimisha wapinzani wajitawanye, kwa sababu hawajui mpira unakwenda wapi. Wakijitawanya, ile pasi ya mita tano iliyokuwa inakabwa na watu wawili inakuwa huru. Grønnemark mwenyewe hakuwafundisha Liverpool kurusha boksini kila mara, aliwafundisha kurusha haraka na kwa akili. Umbali uliwapa tu nafasi ya kuchagua.

Watu wa kurusha wapo. Kila mwaka UMITASHUMTA na UMISSETA zinakusanya vijana wa nchi nzima, na humo kuna warusha mkuki, wacheza mpira wa mikono, wasichana wa netiboli wanaopiga pasi ndefu bila kujikaza. Maskauti wa soka huwa wanakwenda kutazama soka tu, mechi ikiisha wanapanda basi. Kijana wa mkuki ambaye pia anacheza beki ya kushoto anaachwa hapohapo, wakati Stoke waliishi Ligi Kuu kwa mtu wa aina yake.

Tahadhari moja ipo, na makocha wa vijana waizingatie. Mgongo na mabega si vya kuchezea. Mtoto wa miaka 14 akiambiwa arushe mara 50 kwa nguvu zake zote, ataumia kabla hajajifunza. Kwanza mguu na kiuno, taratibu, bila mpira hata. Kisha mirusho michache yenye nguvu, mara mbili tatu kwa wiki, na mapumziko katikati. Mipira mizito ya mazoezi ni ya wakubwa walioimarika tumbo na mgongo. Na mguu wa nyuma ufundishwe kuburuza vidole chini, usinyanyuke: sehemu ya kila mguu lazima iwe ardhini, juu ya mstari au nje yake, mpira unapoachiwa. Warushaji wengi wakijaribu kuongeza nguvu wananyanyua mguu huo, mwamuzi anapuliza, na mpira unakwenda kwa wapinzani.

Gharama ya kuanza inachekesha. Jumatatu baada ya mazoezi, benchi la ufundi liwapange mabeki wote wa pembeni na viungo kwenye chaki, kila mmoja arushe mara tatu, msaidizi apime na kuandika. Simu moja irekodi kutoka pembeni, ionekane mguu wa mbele unakaza au unalegea. Baada ya wiki sita wapimwe tena. Tepu ya fundi ujenzi ya mita 50 inauzwa Kariakoo, na klabu mbili kubwa za nchi hii hazina umbali wa kwenda kuinunua.